Udongo Juu ya Paa: Historia ya Mapaa ya Mimea na Mafunzo Yake kwa Miji ya Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mapaa yaliyofunikwa kwa udongo na mimea ili kupima faida na changamoto zake kwa miji ya ukanda wa Maziwa Makuu. Tunaanza na mapaa ya asili ya Afrika Mashariki, yaani msonge, tembe na sakafu ya pwani, kisha tunayalinganisha na mapaa ya udongo ya Norway, Berlin na Zurich, na hatimaye na kanuni za ujenzi zilizotungwa Ujerumani, Uswisi, Japani na Kanada kuanzia miaka ya 1980. Hoja kuu ni kwamba paa la mimea halikudumu popote kwa sababu ya uzuri wake wala kwa sababu ya mimea yenyewe. Lilidumu pale ambapo mambo matatu yalikutana: tabaka imara la kuzuia maji, kiunzi kilichokadiriwa kubeba uzito wa udongo uliolowa, na chombo cha kijamii au cha kisheria kilichowajibika kulitunza. Makala yanapendekeza kwamba sera za ukanda wetu zianze na mambo hayo matatu kabla ya kuhimiza upandaji.

Maneno ya msingi: paa la mimea, tembe, msonge, kanuni za ujenzi, maji ya mvua, Maziwa Makuu

1.0 Utangulizi

Kigali, Kampala, Bujumbura na Bukavu ni miji ya vilima na kandokando za maziwa. Kila jengo jipya linalosimama juu ya kilima hufunika kipande cha ardhi kilichokuwa kikinywa mvua, na maji ambayo hayakunywewa juu huteremka kwa kasi kuelekea mabondeni, ambako kwa kawaida ndiko waliko wakazi wenye kipato kidogo. Ndiyo maana katika mijadala ya mipangomiji ya miaka ya karibuni pendekezo la kupanda mimea juu ya mapaa limezidi kusikika. Nchini Rwanda, Kanuni za Ujenzi za mwaka 2019 ziliambatana na vigezo vya chini vya majengo rafiki kwa mazingira, na si ajabu nchi jirani zikafuata njia hiyo.

Makala haya hayaulizi iwapo paa la mimea ni jambo jema. Yanauliza swali la kihistoria: kwa nini paa la namna hii lilishika mizizi katika baadhi ya jamii, likakosekana katika nyingine, na likatoweka kwingineko lilikokwisha kuzoeleka? Jibu la swali hilo lina manufaa kwa mtunga sera, kwa kuwa linaonyesha masharti ambayo bila hayo faida zinazotajwa hazipatikani.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutofautisha aina mbili. Aina ya kwanza ni paa jepesi la mimea, lenye udongo maalumu wa kina cha sentimita 15 au pungufu, ambalo kwa kawaida lina uzito wa kilo 80 hadi 150 kwa kila mita ya mraba likiwa limelowa. Aina ya pili ni bustani ya juu, yenye vichaka na hata miti, ambayo uzito wake huweza kuzidi kilo 300 kwa mita ya mraba. Mijadala mingi huchanganya aina hizi mbili, ikataja gharama za ile ya kwanza na picha za ile ya pili.

2.0 Mantiki ya Paa katika Ukanda Wetu

Mapaa ya asili ya Afrika Mashariki yanaweza kusomwa kama ramani ya mvua. Katika nyanda zenye mvua nyingi zinazozunguka Ziwa Viktoria na zinazoenea hadi Rwanda na Burundi, jamii zilijenga nyumba za msonge: umbo la duara, paa la nyasi lenye mwinamo mkali, mara nyingine likishuka hadi karibu na ardhi. Kielelezo mashuhuri zaidi ni Muzibu Azaala Mpanga, jengo kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, lililojengwa mwaka 1882 na kuteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010. Mantiki ya msonge ni moja: maji yasipewe nafasi ya kutulia. Tabaka nene la nyasi huloa kwa nje tu, na mwinamo hufanya kazi iliyobaki.

Katikati ya Tanzania mambo yalikuwa kinyume. Wagogo, Wahehe, Wasandawe na majirani zao walijenga tembe, nyumba za mstatili zenye paa bapa la magogo na fito, juu yake udongo ulioshindiliwa. Richard Burton, aliyepita huko kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kuhusu tembe kwa kirefu. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walikwenda mbali zaidi: walichimba nyumba zao kwenye miteremko na kuzifunika kwa udongo, hata paa na kilima vikashikana. Nyumba hizo ziliwaficha na maadui waliokuja kuteka mifugo.

Je, tembe ni paa la mimea? Kwa maana kamili ya leo, la. Nyasi zilizoota juu yake hazikupandwa. Hata hivyo, kwa mtazamo wa kiufundi tembe ni jamaa wa karibu: ni paa bapa linalobeba udongo, linalopunguza joto la mchana na baridi ya usiku, na linalotumika, maana juu yake mazao yalianikwa. Tembe pia inatupa takwimu muhimu. Udongo ulioshindiliwa una uzito wa takriban tani 1.8 kwa mita ya ujazo. Kwa hiyo tabaka la sentimita 20 tu ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba, bila kuhesabu maji. Ndiyo sababu ya nguzo nyingi zilizosimamishwa karibukaribu ndani ya tembe, na ndiyo sababu ya vyumba vyake vyembamba. Uzito wa paa ndio uliochora ramani ya nyumba.

Pwani tunakuta sheria hiyohiyo kwa vifaa vingine. Nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja zilikuwa na dari na sakafu nzito za mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haikuweza kuvuka nafasi kubwa chini ya mzigo huo, vyumba vilibaki na upana usiozidi mita tatu hivi, hata katika nyumba za matajiri. Juu ya paa bapa la chokaa mara nyingi waliongeza paa la makuti ili kupata kivuli na kulikinga na mvua. Wajenzi wa pwani walijua kwamba paa bapa katika nchi ya mvua ni deni linalolipwa kila mwaka.

Kuna funzo la kwanza hapa. Dodoma hupata wastani wa milimita zisizofika 600 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja. Kigali hupata kiasi cha milimita 1,000, na Kampala huzidi hapo, katika misimu miwili. Paa la udongo lilistawi kwenye ukame, wala halikuzuka kwenye mvua nyingi. Anayependekeza paa la mimea kwa Kigali au Kampala anawaomba wajenzi wageuze kanuni kongwe ya ukanda huu: badala ya kuyatupa maji haraka, wayapokee na kuyashikilia. Jambo hilo linawezekana, ila haliwezekani kwa maarifa ya msonge wala ya tembe peke yake.

Tembe haikutoweka kwa ujinga wa wenyewe. Ilihitaji magogo mengi kadiri misitu ilivyopungua, ilihitaji kushindiliwa na kuzibwa upya kila masika yalipokaribia, ilikaribisha mchwa. Bati lilipopatikana, mwenye nyumba alinunua mapumziko. Uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 uliharakisha mabadiliko hayo. Bati lina joto na kelele, lakini halidai kazi ya kila mwaka. Kwa watunga sera hili ni jambo la kukumbuka: jamii iliyokuwa na paa la udongo iliuacha udongo kwa sababu ya gharama ya matunzo.

3.0 Gome, Lami na Zege: Uzoefu wa Ulaya

Nchini Norway, kwa karne nyingi, nyumba za mbao ziliezekwa kwa mabamba ya udongo wenye majani. Mgeni huona nyasi, kumbe kinachozuia maji ni maganda ya mti wa betula yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka chini ya udongo. Kazi ya udongo ni kuyagandamiza maganda hayo yasipeperuke, kuyakinga na jua, na kuhifadhi joto la nyumba. Uzito wake, kiasi cha kilo 250 kwa mita ya mraba, ulisaidia kuyabana magogo ya kuta yasiachie nyufa. Maganda yalidumu takriban miaka 30, kisha majirani walikusanyika kulifumua paa na kuliezeka upya, desturi inayofanana sana na ujima wetu. Kwa hiyo masharti yote matatu yalikuwapo: kizuizi cha maji, kiunzi kinachostahimili, na jamii inayotunza. Vigae na mabati vilipoenea, paa hilo lilirudi nyuma huko Norway kama tembe ilivyorudi nyuma Ugogo.

Hatua ya pili ilitokea mijini, tena bila kukusudiwa. Katika karne ya 19 wajenzi wa Ujerumani walianza kutumia karatasi zilizoloweshwa lami, zikipangwa matabaka kadhaa na kufunikwa kwa mchanga na changarawe. Lengo la changarawe lilikuwa kuzuia moto. Upepo na ndege walileta mbegu, na juu ya majengo ya kupangisha ya Berlin majani yakaota yenyewe. Mjenzi wa mji huo, Carl Rabitz, aliona fursa, na mwaka 1867 akaonyesha kielelezo cha paa la bustani katika Maonyesho ya Dunia ya Paris. Wazo lake halikuenea upesi, ila mapaa ya changarawe yalibaki. Zaidi ya nusu karne baadaye wanabotania waliyachunguza, wakagundua kwamba lami iliyofunikwa ilikuwa imedumu kuliko ile iliyoachwa wazi kwa jua na baridi kali.

Mfano wa tatu ni wa Zurich. Mwaka 1914 kituo cha kuchujia maji ya ziwa kilijengwa Wollishofen, na mapaa yake ya zege yakafunikwa kwa udongo wa mashamba ya jirani ili maji yaliyomo ndani yabaki baridi. Mashamba hayo yalikuja kumezwa na mji, lakini mimea yake ilisalia juu ya paa, zikiwemo aina tisa za okidi, baadhi zikiwa zimetoweka katika maeneo yaliyozunguka. Hapo ndipo paa lilipoanza kutazamwa kama hifadhi ya uoto.

4.0 Kutoka Ndoto ya Msanifu hadi Kanuni

Katika miaka ya 1920 msanifu majengo Le Corbusier aliiweka bustani ya juu miongoni mwa nguzo tano za usanifu mpya. Jumba lake la Villa Savoye, lililokamilika mwaka 1931 nje ya Paris, lilikuwa tangazo la imani hiyo. Hata hivyo, wenye nyumba waliandika barua baada ya barua kulalamika kwamba mvua inaingia ndani. Zege lilikuwa tayari kubeba bustani, lakini teknolojia ya kuzuia maji haikuwa imefikia kiwango kilichohitajika.

Mabadiliko ya kweli hayakuletwa na wasanifu mashuhuri. Yaliletwa na kamati za wataalamu wa Ujerumani zilizokaa kuandika viwango. Taasisi inayojulikana kwa ufupisho wa FLL, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilichapisha misingi yake ya kwanza kuhusu mapaa ya mimea mwaka 1982, na baadaye miongozo kamili iliyorudiwa na kuboreshwa mara kwa mara. Miongozo hiyo ilishughulikia mambo yasiyo na mvuto kwa mpita njia: mizizi isitoboe tabaka la kuzuia maji, udongo usizibe mifereji, uzito ukadiriwe ukiwa umelowa, kingo ziachwe wazi kwa changarawe ili moto usisambae. Kwa mara ya kwanza mwenye jengo, mkandarasi na kampuni ya bima walikuwa na andiko moja la kurejelea.

Baada ya viwango kuwapo, sheria ziliweza kufuata. Mji wa Stuttgart, ulio kwenye bonde lisilopata upepo wa kutosha, ulianza katika miaka ya 1980 kutoa ruzuku na kuweka masharti katika mipango ya maeneo mapya. Tokyo iliweka sharti la upandaji juu ya majengo makubwa mapya mwaka 2001. Basel ilifanya hivyo kwa mapaa bapa mwaka 2002. Toronto ilipitisha sheria ndogo mwaka 2009, ikidai majengo mapya yenye eneo la sakafu kuanzia mita za mraba 2,000 yafunike asilimia 20 hadi 60 ya paa lililopo, kulingana na ukubwa wa jengo. Mfuatano huu una maana: kwanza utafiti, halafu kiwango, halafu ruzuku, na sharti la lazima mwishoni. Mataifa yanayotaka kuanza na sharti yanauruka msingi uliolibeba.

5.0 Faida Zinazopimika

Faida ya kwanza ni maji. Katika nchi zenye hali ya hewa ya wastani, paa jepesi hushika takriban nusu ya mvua ya mwaka mzima. Lakini wastani wa mwaka haumzuii mtu wa bondeni kugharikishwa. Kinachomgharikisha ni mvua ya alasiri moja. Tuchukue udongo wa kina cha sentimita 10 unaoweza kushika maji kwa asilimia 30 ya ujazo wake. Uwezo wake ni lita 30 kwa mita ya mraba. Mvua ya milimita 60 ikinyesha juu ya udongo mkavu, nusu yake itashikwa. Ikinyesha katikati ya masika, siku moja baada ya mvua nyingine, kitakachoshikwa ni kidogo mno. Faida inayobaki ni kuchelewesha mkondo. Paa la mimea, basi, linaweza kuisaidia mifereji ya mji, lakini haliwezi kuwa badala yake.

Faida ya pili ni joto. Paa jeusi au bati lililo juani huweza kupita nyuzi 60 za selsiasi, ilhali udongo wenye mimea hukaa karibu na joto la hewa. Unafuu huo huhisiwa zaidi katika majengo mapana yasiyo na ghorofa nyingi, kama vile shule, masoko, zahanati na maghala. Katika jengo la ghorofa kumi anayenufaika ni mkazi wa ghorofa ya juu.

Faida ya tatu ni uhai wa tabaka la kuzuia maji, ambalo likikingwa na jua huweza kudumu maradufu. Faida ya nne ni makazi ya wadudu na ndege. Kuhusu hili, ukanda wetu hauna haja ya kuagiza mimea ya Ulaya: mishubiri na mimea mingine ya asili yenye majani manene imezoea miezi mikavu ya Juni hadi Agosti, mradi wataalamu wetu wa mimea waifanyie majaribio.

6.0 Changamoto Zisizopuuzwa

Changamoto kubwa ni uzito. Tarehe 21 Novemba 2013 paa la duka kubwa mjini Riga, Latvia, liliporomoka na kuua watu 54 wakati bustani ikijengwa juu yake. Kiini cha maafa kilikuwa kosa katika usanifu wa kiunzi. Mzigo ulilifichua kosa hilo. Tarehe 20 Mei 2016 paa la ukumbi wa chuo kikuu kimoja cha Hong Kong liliporomoka baada ya kuongezewa mimea ambayo haikuwa sehemu ya usanifu wa awali. Mimea haikuwa na hatia katika matukio hayo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kazi kuanza, kama hesabu za jengo zinaruhusu.

Swali hilo ni zito zaidi kwetu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36, nalo halikuwa na bustani yoyote. Pale ambapo tofauti kati ya mchoro ulioidhinishwa na jengo lililosimama ni jambo la kawaida, kuongeza mzigo juu ni kucheza na maisha. Isitoshe, tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliathiri Bukavu na kusini-magharibi mwa Rwanda; lile la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi Bukoba. Nguvu ya tetemeko juu ya jengo huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka, hasa uzito ulio juu. Paa la mita za mraba 100 lenye kilo 120 kwa kila mita ni tani 12 za ziada kileleni. Kanuni za mji wa Ujerumani uliotulia haziwezi kunakiliwa Bukavu bila kukokotolewa upya.

Changamoto ya pili ni ushindani wa maji. Bati la mita za mraba 100 katika mji wenye milimita 1,000 za mvua hupokea lita 100,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huweza kuingia kwenye tangi. Paa la mimea litatoa pungufu sana ya hapo, na maji yake huwa na rangi ya udongo. Kwa kaya inayonunua maji kwa madumu, hiyo ni hasara. Sera inayohimiza uvunaji wa maji na mapaa ya mimea kwa pamoja, bila kuyatenga kwa aina ya jengo, inajipinga yenyewe.

Changamoto ya tatu ni matunzo. Mfereji ukiziba, paa hugeuka dimbwi, na dimbwi huzaa mbu. Mche wa mti ulioletwa na ndege usipong'olewa mapema, mizizi yake itatafuta ufa.

Changamoto ya nne ni usawa. Wakazi wengi wa miji yetu wanaishi chini ya bati lenye kiunzi chepesi kisichoweza kubeba udongo wa aina yoyote. Historia ya karibuni inatutahadharisha. Rwanda ilipoendesha kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, mwanzoni mwa muongo wa 2010, kaya nyingi zilipata nyumba bora zaidi. Lakini iliripotiwa pia kwamba baadhi ya familia, hasa za Watwa, ziliezuliwa nyasi kabla ya nyumba mpya kuwa tayari. Amri kuhusu paa humfikia kwanza asiye na paa la akiba.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba gome la Norway, lami ya Berlin na miongozo ya FLL vilifanya kazi moja: kulitenga jukumu la kuzuia maji na jukumu la kukuza mimea, na kumtaja anayewajibika kwa kila moja. Tembe ilitegemea udongo uleule kuzuia maji na kukinga joto, ikategemea nguvu za wenyeji kila mwaka, na nguvu hizo zilipohitajika kwingine paa likaachwa.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziandae kiwango cha pamoja cha mapaa ya mimea kinachozingatia mvua za ikweta na matetemeko ya Bonde la Ufa, kabla ya nchi yoyote kuweka sharti la lazima. Pili, upandaji juu ya jengo lililopo usiruhusiwe bila cheti cha mhandisi aliyelikagua jengo lenyewe na si michoro yake peke yake. Tatu, majaribio yaanze kwenye majengo mapya ya umma yenye mapaa mapana ya zege, bajeti ya matunzo ikitajwa katika mkataba wa ujenzi, huku nyumba za bati zikihimizwa kuvuna maji. Nne, vyuo vikuu vya ukanda huu vipime, kwa miaka kadhaa mfululizo, ni lita ngapi paa la mimea hushika katika masika na mimea gani ya asili huvumilia kiangazi.

Bila vipimo hivyo tutaendelea kutegemea takwimu za Stuttgart na Toronto kuamua mambo ya Kigali na Kampala. Wajenzi wa msonge na wa tembe hawakufanya hivyo. Kila mmoja aliitazama mvua ya kwao, akaezeka ipasavyo.